Kubadili vyuma vya gitaa la umeme mwenyewe: mwongozo kamili kwa sisi wa pwani ya Mtwara

Milimita tatu na nusu. Ndo zilizonifanya nirudishe briji mpya (kile chuma cha mwilini nyuzi zinapofungwa) Dar kwa basi, kwa hela yangu, afu nikakaa siku nane sina gitaa na kwaya ina Pasaka mlangoni. Kosa ni langu, niliangalia picha tu, nikaona ina skrubu sita kama yangu na inang'aa, nikasema hii hii. Imefika stendi asubuhi nikaifungua palepale juu ya benchi, mpaka konda akauliza kaka hiyo ni spea ya pikipiki gani. Nimefika home naiweka juu ya matundu, skrubu ya kwanza inaingia, ya pili inaingia kwa kulazimisha, ya sita iko nje ya tundu kabisa. Yangu ukipima kutoka katikati ya skrubu ya kwanza mpaka katikati ya skrubu ya sita ni milimita 52.5, ile ilikuwa 56.

Sasa mambo yote nitakayosema humu yanarudi hapo. Kazi yenyewe ya kufungua na kufunga sio ngumu, mtu aliyewahi kufungua baiskeli anaiweza. Ugumu uko kwenye kununua kitu kinachoendana na gitaa lako, maana ukiwa Mtwara au Lindi ukikosea kipimo huwezi kurudi dukani jioni ukabadilishiwa. Unasubiri basi.

Gitaa ninalolitumia kama mfano ni la Kichina, kopi ya Stratocaster (gitaa maarufu la Fender, kwa kifupi Strat), pikapu tatu (vile visumaku chini ya nyuzi vinavyonasa sauti), briji ya kutikisa yenye skrubu sita na springi nyuma. Humu kwetu magitaa mengi ya makanisani na ya bendi za mtaani ni ya aina hiyo. Kama lako ni la mtindo wa Les Paul, lile la Gibson lenye briji isiyotikiswa, nitakuwa nagusia njiani.

Kabla hujanunua chochote

Watu wengi wanaanzia pikapu. Mi nasema pikapu iwe ya mwisho. Gitaa lisilokaa kwenye tyuni ukiliwekea pikapu ya gharama utakachopata ni kusikika vizuri zaidi kwamba halijatyuniwa.

Anza kwa kulisikiliza lina ugonjwa gani. Kaza uzi wa tatu taratibu (nyuzi tunahesabu kuanzia ule mwembamba). Ukisikia "ting!" na sauti ikaruka ghafla badala ya kupanda polepole, tatizo haliko kwenye funguo za kukazia, uzi unanasa kwenye kile kipande cheupe mwanzo wa shingo. Kile wengi tunakiita nati na kinatuchanganya na nati ya bolti, kwa hiyo humu nitakiita mfupa, hata kama chako ni cha plastiki. Dawa ya kwanza ni penseli: legeza uzi, sugua risasi ya penseli ndani ya mfereji, rudisha uzi, tyuni tena. Nshaona mtu kaacha kununua funguo mpya kwa sababu ya penseli ya mtoto.

Kama ufunguo wenyewe una mchezo, yaani unauzungusha kidogo na kijiti kinachoshika uzi hakiendi, hapo kweli umekufa. Kama sauti inakatika ukigusa waya, ni jeki, lile tundu la kuchomekea kebo. Kama voliumu inakwaruza kama redio ya zamani, ni uchafu ndani ya poti (kile kifaa kinachozungushwa chini ya kitufe cha voliumu), pulizia dawa ya kusafishia vifaa vya umeme uizungushe mara ishirini hivi kabla hujaamua kuitupa.

Afu kuna chumvi. Upepo wa huku ukipiga kutoka baharini, iwe Shangani au Mikindani au kule Lindi mjini, nyuzi mpya zinaanza kuwa na madoadoa ndani ya wiki chache na zile skrubu ndogo za vikalio (vile vipande sita nyuzi zinapokalia kwenye briji) zinashikana kama zimechomelewa. Kwa hiyo ukichagua vyuma usichague kwa macho. Rangi ya dhahabu inapendeza siku ya kwanza ila ni ngozi nyembamba sana, jasho la kiganja linaila mapema. Kromu inavumilia. Skrubu za vikalio tafuta za stenlesi, ni vitu vidogo lakini ndo vinavyokufa kwanza. Shaba inatoa ukutu wa kijani, haina madhara, ila mikono itanuka.

Vifaa

Bisibisi za nyota mbili, ndogo na ya kati, na ziwe na meno mazima, maana bisibisi iliyochakaa ndo inayoharibu vichwa vya skrubu. Spana namba 10, ambayo kila fundi pikipiki anayo. Spana za L ndogo. Plaizi ya kukatia. Tupa bapa na tupa mviringo ndogo. Msasa. Keekee ya mkono au drili yenye biti ya milimita 1.5 na 2. Mshumaa. Vijiti vya meno na gundi ya mbao. Mita ya kupimia umeme, ile ya bei chee inatosha. Chuma cha kulehemu cha wati 40 mpaka 60 na waya wa lehemu wa kazi za redio. Na cha kupimia: rula ya chuma yenye milimita ni lazima, ukipata venia (kipimo chenye taya) ya kuazima kwa mafundi wa mashine ndo vizuri zaidi.

Usisahau simu. Kabla hujalegeza skrubu hata moja piga picha: mbele, nyuma, ndani ya springi, ndani ya waya. Nyingi. Hii sio ushauri wa urembo, utafika saa tatu usiku unashika waya mweupe hujui ulikuwa umekaa wapi.

Kutoa nyuzi

Legeza zote kidogokidogo, usikate uzi uliokazwa. Kwenye briji ya kutikisa, nyuzi zikitoka springi za nyuma zinaivuta briji na inalala, kwa hiyo kunja kitambaa ukisokote chini yake au fungua kifuniko cha nyuma uweke kipande cha mbao. Kwenye mtindo wa Les Paul ni kinyume, briji haijafungwa na kitu, inashikwa na mgandamizo wa nyuzi tu, ukigeuza gitaa inadondoka na kukwaruza rangi. Watu wanashtuka wanadhani wameivunja. Hujavunja, okota.

Gitaa lilaze juu ya taulo, na shingo iegemee kitu laini. Mi natumia kanga iliyokunjwa.

Funguo za kukazia

Vipimo vinne hapa. Cha kwanza, kipenyo cha tundu la kichwani: ng'oa ufunguo mmoja upime. Za kisasa zenye nati na washa upande wa mbele zinataka tundu la milimita 10. Za mtindo wa zamani, zenye kipete cha kugongea, tundu lake ni karibu 8.8. Cha pili, skrubu ya nyuma imekaa wapi, maana kuna zenye skrubu moja ya mshazari, kuna zenye skrubu moja pembeni kabisa, na kuna zenye vijino viwili vidogo badala ya skrubu. Cha tatu, mpangilio: sita upande mmoja, au tatu kwa tatu, na kama ni tatu kwa tatu kuna za kulia na za kushoto hazibadilishani. Cha nne, unene wa kichwa cha gitaa.

Kama tundu lako ni 10 na umependa za zamani, kuna vipete vya kupunguzia, nunua pamoja. Kama tundu ni dogo na funguo ni kubwa itabidi utanue, na hapo usichukue drili ukaipeleka moja kwa moja, inararua rangi na kuchana mbao. Tupa mviringo, taratibu, ukizungusha, unajaribu kila baada ya dakika moja.

Utaona zimeandikwa 14:1, 15:1, 18:1. Maana yake unazungusha kishikio mara 14 au 18 ndo kijiti kizunguke mara moja. Namba ikiwa kubwa unatyuni kwa utulivu zaidi. Zipo pia za kufunga, zenye kikazio kinachobana uzi kwenye tundu la kijiti, na kwa mtu anayetikisa briji sana zina faida ya kweli kwa sababu uzi hauna mizunguko ya kuteleza. Kwa anayepiga ridhimu tu sioni haja.

Kufunga: ingiza ufunguo kutoka nyuma, weka washa na nati mbele, kaza kwa vidole tu. Fanya hivo zote sita. Sasa zipange ziwe mstari mmoja, weka rula mgongoni mwake ukihitaji. Zikishanyooka ndo utie alama za skrubu za nyuma kwa penseli. Toboa kwa biti ndogo kuliko skrubu, kama skrubu ina milimita 2 na kidogo biti ya 1.5 inatosha, na funga kipande cha solotepu kwenye biti kuonesha kina, la sivyo utatokea upande wa mbele na hamna gundi itakayokuficha. Paka skrubu nta ya mshumaa. Ikaze kwa mkono. Mwisho kabisa rudi mbele ukaze nati kwa spana, ikishagoma acha, usiongeze nguvu ya kufungua tairi.

Nisimulie lililonikuta. Skrubu moja ya funguo za zamani ilikuwa imeshika kutu, nikaisukuma bisibisi kwa hasira, ikakatika, kichwa mkononi na mwili ndani ya mbao. Na umeme ukakatika palepale. Nikakaa namulika na tochi ya simu, natafuta pa kuishika na plaizi, hamna kitu, iko chini ya uso wa mbao. Kesho yake fundi redio mmoja pale sokoni akanicheka sana, akaniambia, "Mwanangu, chuma kilicholala na kutu hakiamshwi kwa fujo." Akashika chuma chake cha kulehemu akakigusisha kwenye skrubu nyingine ambayo nayo ilikuwa imegoma, kama nusu dakika, akaiacha ipoe kidogo, akaizungusha ikatoka kama imepakwa siagi. Joto linatanua skrubu, kutu inaachia. Ile iliyokatika tuliizungushia vitundu vidogo sana vya biti ya 1.5 mpaka ikalegea, tukaichomoa, nikaziba shimo kwa vijiti vya meno na gundi ya mbao, kesho yake nikakata usawa na wembe nikatoboa upya. Haionekani, ufunguo umeifunika.

Dawa hiyohiyo ya kijiti cha meno na gundi ndo ya vile vitufe vya mkanda vinavyochomoka gitaa likadondoka katikati ya pambio. Dakika tano, afu uache gundi ikauke.

Mfupa

Hapa ndo pananoga, kwa sababu kifaa kizuri kuliko vyote tunacho buchani. Magitaa ya bei chee yana plastiki tupu ndani, laini, uzi unaizama. Mfupa wa ng'ombe wa kweli ni mgumu na uzi unateleza.

Mwambie mwenye bucha akukatie kipande cha mfupa wa mguu, pale ukuta wake ulipo mnene na umenyooka. Utoe uboho wote, ukwangue nyama, uchemshe. Usichemshe siku nzima kama supu, mfupa ukipikwa mno unakuwa dhaifu. Afu uloweke kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji, ubadilishe maji kila siku mpaka yasitoe mafuta tena, mi wangu ulichukua kama wiki mbili. Usiweke dawa ya kung'arishia nguo, inaulainisha mfupa na kuufanya uwe kama chaki. Anika kivulini, uache ukauke hasa. Mama yangu alilalamika juu ya lile beseni mpaka leo, sawa, ila mfupa ulitoka mweupe mzuri.

Kutoa wa zamani: pitisha wembe pembeni mwake pote ili rangi isibanduke, weka kipande kidogo cha mbao upande wa freti (vile vyuma vilivyolala kukatiza shingo), gonga kidogo kwa nyundo nyepesi. Unaachia. Usitupe! Ndo kipimo chako. Pima upana (magitaa mengi ni milimita 42 au 43), unene (mtindo wa Strat ni 3.2 mpaka 3.5, wa Les Paul ni mnene zaidi), na umbali kati ya mfereji wa kwanza na wa sita.

Kata kwa msumeno wa chuma, mfupa ukiwa kwenye jiliwa, na funga kitambaa puani maana vumbi la mfupa sio zuri kifuani na linanuka kama saluni ya nywele iliyoungua. Nyoosha kwa msasa uliobandikwa juu ya kioo au kigae. Unaingia kwenye nafasi yake kwa kusukuma na kidole, sio kwa nyundo, na sio kwa kucheza.

Mifereji ndo roho ya kazi. Tupa maalumu za mifereji ni ghali, mi natumia visindano vya kusafishia pua ya tochi ya gesi, vile vya wachomeleaji, vina meno madogo na unene tofautitofauti, na kwa nyuzi nene nachukua kipande cha uzi wa zamani wa unene uleule nakivuta kama msumeno. Kata mfereji uteremke kidogo kuelekea kichwani, ili uzi uishie kukaa ukingoni upande wa freti. Ukikosea hapo uzi unalia kama sitar ya Wahindi.

Kina utakijua hivi: bonyeza uzi katikati ya freti ya pili na ya tatu, angalia juu ya freti ya kwanza. Panatakiwa pabaki mwanya mdogo kama unene wa karatasi, unaugonga uzi kwa kidole unasikia "tik". Ukiona mwanya mkubwa endelea kukata. Usipouona kabisa umepitiliza, na hapo chukua unga wa mfupa uliobaki mezani, ujaze kwenye mfereji, dondosha tone la supagluu, subiri ukauke, anza tena. Nimefanya hivo mara tatu kwenye mfupa wangu wa kwanza sina aibu. Ukimaliza ubandike kwa matone mawili madogo tu ya gundi, siku moja utataka kuutoa.

Briji

Pima kabla ya kulipa: skrubu ya kwanza hadi ya sita, katikati kwa katikati. Uzi wa kwanza hadi wa sita kwenye vikalio. Na kina cha shimo la nyuma, kwa sababu kopi nyingi zina mwili mwembamba, na lile bonge la chuma linaloshuka ndani likiwa refu linatokeza nyuma kama kitambi. Mwambie muuzaji akutumie picha akiwa ameweka rula juu ya briji yenyewe. Akikataa, achana naye.

Kama briji yako ni nzima ila vikalio vimekufa kutu, badili vikalio tu. Kama ni nzima na bonge lake ni jembamba la chuma chepesi, kuna mabonge mazito ya chuma cha pua yanauzwa peke yake na sauti inakaa ndefu kidogo baada ya kupiga. Kidogo, nasema.

Kufunga ile ya skrubu sita: usizikaze zote mpaka mwisho. Zishushe zote mpaka zigusane na sahani, afu zirudishe nyuma kidogo kama robo mzunguko, ili briji iweze kuinama bila kukwama. Springi tatu zinatosha kwa nyuzi za 9 au 10 (hiyo namba ni unene wa uzi wa kwanza wa seti). Kuna waya umelehemiwa kwenye kile chuma kinachoshika springi, huo ni wa athi (waya wa ardhi), usiukate. Nyuzi zikirudi utakuta briji imeinuka kama mtumbwi, kaza skrubu mbili zinazoshika springi, tyuni, kaza, tyuni, mpaka ilale unavyotaka. Inachosha. Vumilia.

Baada ya hapo unaanza kurekebisha na mpangilio ni huu, ukiuruka utarudia kazi. Shingo kwanza. Bonyeza uzi wa sita freti ya kwanza na freti ya mwisho kwa wakati mmoja, angalia mwanya kwenye freti ya saba au ya nane. Unatakiwa kuwa kama milimita 0.25, na kipimo unacho tayari: uzi wa kwanza wa seti ya 10 una unene huohuo karibu kabisa. Upitishe pale, ugusane bila kusukuma. Mwanya ukiwa mkubwa kaza ile fimbo ya ndani ya shingo, ukiwa haupo legeza, robo mzunguko kwa mara moja, sio zaidi, na ikigoma usiilazimishe.

Pili urefu wa nyuzi: kama milimita 1.6 kwenye freti ya 17 ni pa kuanzia pazuri, nyuzi nene ziinue kidogo. Tatu ndo usahihi wa sauti. Piga uzi wazi kwa kugusa tu juu ya freti ya 12 upate ile sauti ya kengele, afu bonyeza freti ya 12 upige. Kwenye tyuna ya simu zinatakiwa ziwe sawa. Ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha kikalio nyuma mbali na shingo. Ikiwa chini, sogeza mbele. Kila ukisogeza tyuni upya kabla ya kupima, na fanya kwa nyuzi mpya, za zamani zilizoliwa na chumvi zinadanganya.

Waya, poti na jeki

Jeki za magitaa ya bei chee ni bati jepesi, ndo maana kebo inacheza. Nunua nzito ya mono ya milimita 6.35. Ina miguu miwili, mmoja wa ncha ya kebo na mmoja wa mwili. Ukigeuza waya hizo gitaa linavuma, na dalili yake ni kwamba ukishika nyuzi mvumo unaongezeka badala ya kupungua.

Poti: pikapu nyembamba za koili moja zinataka 250K, zile nene za koili mbili zinataka 500K. Herufi mbele ni muhimu, A kwa voliumu inapanda kwa ulaini, B inaruka ghafla. Angalia kipenyo cha shingo ya poti, kubwa zinataka tundu la karibu milimita 9.5 na tundu la gitaa la Kichina mara nyingi ni dogo, tanua kwa tupa mviringo. Na jeki na poti mpya pima kina cha shimo lake kabla. Kapasita ya toni, kile kidude kinachopunguza ukali wa sauti, iliyoandikwa 473 ni ya mikrofaradi 0.047, ya 223 ni 0.022, na fundi redio yeyote anazo kwenye kopo lake la maiti za redio.

Kulehemu: kwangua mgongo wa poti kwa msasa kwanza, lehemu haishiki kwenye ngozi ile inayong'aa. Gusisha chuma, hesabu mpaka tatu, ndo ulete waya wa lehemu uguse poti, sio uguse chuma. Ikiyeyuka na kutandaa, ondoa, usipulize. Ikikaa kama tone la maji juu ya jani la mgomba, haijashika, rudia. Ukizidi sekunde tano unaipika poti ndani. Usitumie ile pesti ya asidi ya mafundi bomba, inakula waya.

Kabla ya kufunga chomeka kebo, voliumu mwisho, weka mita kwenye ncha mbili za kebo: pikapu ya koili moja inasoma kilo-ohm 5 mpaka 8 hivi. Ukisoma sifuri kuna waya unagusana, usiposoma kitu kuna uliokatika. Afu chomeka kwenye ampu (spika ya gitaa), sauti chini, gonga pikapu na bisibisi. "Tok." Imepona.

Ukiwa umefika kwenye pikapu zenyewe ni kulehemu kulekule, ila urefu wake watu wanasahau. Bonyeza uzi freti ya mwisho, acha milimita 2 hadi 3 kati ya uzi na pikapu. Ukiisogeza juu sana sumaku inauvuta uzi na sauti inayumba.

Na vitufe vya voliumu mi sikununua. Nilienda kwa mzee mmoja wa Kimakonde anayechonga vinyago, nikampa kitufe cha plastiki. Akakigeuzageuza, akauliza, "Hiki kinazungushwa au kinakaa tu?" Nikamwambia kinazungushwa siku nzima. Akakitupa pembeni, akachukua kisiki cha mpingo akasema basi kisiwe laini hivi, kitateleza na jasho. Akakichongea vijimistari pembeni, akatoboa tundu la milimita 6. Mpingo huohuo wa misitu ya Lindi na Kilwa ndo Wazungu wanatengenezea klarineti. Ukisugua mwenyewe angalia vumbi lake, linawasha ngozi.

Sasa funga yote, tyuni, liache lilale usiku mzima. Asubuhi pitia nati za funguo kwa spana, zingine zitakuwa zimelegea. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila skrubu ya kikalio kila baada ya miezi miwili, na kwenye begi tupia vile vipakiti vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Vyuma vya zamani viweke kwenye kopo. Funguo zangu tatu zilizokuwa nzima sasa hivi ziko kwenye gitaa la dogo mmoja wa kwaya, ambaye alikuwa anakaza uzi wa nne kwa plaizi.